Nilimnyang'anya binti yangu kitabu, sasa kitabu kimeninyang'anya usingizi

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa aibu, na aibu yenyewe ni ya kuchekesha, kwa hiyo ukicheka sitakulaumu. Mke wangu ameshacheka vya kutosha.

Binti yetu ana miaka 13 na anapenda kusoma kupita kiasi. Hivi majuzi alianza mfululizo wa riwaya za vijana, vitabu vitatu, hadithi ya dunia ya baadaye ambako mtambo mmoja unampangia kila mtu maisha yake na watoto ndio wanaolipa deni la vita walivyopigana babu zao. Cha kwanza alikimaliza kwa siku mbili. Alipofika katikati ya cha pili nilikikuta mezani, nikakifungua popote tu, macho yakatua kwenye ukurasa ambao mvulana wa umri wake anamwachia mwenzake mkono ukingoni mwa jengo refu. Kwa makusudi, ili mlango umfungukie yeye peke yake.

Nikakichukua. Nikachukua na cha kwanza. Nikamwambia, "Ngoja nivipitie kwanza, nitakujulisha." Hakubisha. Aliuliza tu, "Lini?" Nikajibu, "Hivi karibuni."

Leo ni wiki ya tatu.

Shangazi, wallahi nilikusudia kuvipitia. Nilivificha juu ya kabati la nguo, chini ya blanketi la ziada, na usiku ule nikateremsha cha kwanza nianze ukurasa wa 1, nione ubaya unaanzia wapi. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa ukingoni mwa bafu, mlango nimeufunga kwa ndani ili taa isimwamshe mke wangu, nikijiambia sura moja tu halafu nalala. Lakini kila sura ya kitabu hiki inaishia mahali ambapo mtu hawezi kuishia. Mtu anabisha hodi kwenye chumba ambacho hakuna anayejua kipo. Orodha ya walio hai inasomwa, na ndani yake limo jina la mtu tuliyemzika sura tatu nyuma. Ningelalaje?

Kuna jambo jingine. Binti yangu alikuwa ameweka kikaratasi kwenye cha pili kuonyesha alipofikia, kipande alichokichana kwenye daftari, chenye mistari. Nilikiweka pembeni kisipotee, kikaanguka, nikakiokota, nikakirudisha kwa kukisia. Nadhani nimekisia vibaya.

Cha pili kimeishia kwenye sentensi moja ambayo siwezi kukuandikia bila mikono kunitetemeka. Cha tatu kiko maktaba ya shule yao. Kinaazimwa kwa foleni, na zamu ya binti yangu inafika wiki hii. Nimemsikia akimwambia mama yake kwamba ataiacha impite kwa sababu "Baba bado anavipitia."

Juzi tukiwa mezani, mdogo wake alitaja jina la mhusika mmoja kwa makosa. Nilimsahihisha kabla sijajizuia. Binti yangu aliinua macho, akanitazama, kisha akaendelea kula.

Sasa nauliza. Vitabu hivi vina madhara kwa mtoto wa umri huu, au nilikurupuka? Nitavirudishaje bila kuvunja heshima yangu kama baba? Si aibu mtu wa miaka 44 kukesha na vitabu vya watoto? Na tukisema ukweli, cha tatu nitakipataje? Naambiwa mwandishi ametoa na kitabu kingine kinachosimulia mambo ya miaka mingi kabla ya haya. Nikianze hicho wakati nasubiri?

Wako,
Baba Aliyenaswa

*

Marahaba, baba.

Nimecheka kwa ruhusa yako. Nilipofika penye kikaratasi nikaacha kucheka.

Binti yako anajua. Kama hakujua kabla, alijua siku ile mezani, maana hakuna mtu anayesahihisha jina la mhusika asiyemjali. Yule aliyeinua macho akayarudisha kwenye sahani alikuwa anakupa nafasi useme mwenyewe. Hukusema. Sasa zamu yake ya maktaba inakaribia na yuko tayari ipite, kwa kutii agizo la mtu ambaye anajua fika kwamba halitekelezi. Kwa hiyo swali lako la heshima nalijibu kwanza: heshima yako haitavunjwa na kusoma. Inaliwa kidogo kidogo na lile "hivi karibuni" lililogeuka wiki tatu.

Tena hebu yatazame hayo uliyoyasoma. Riwaya za namna hii karibu zote zina watu wazima wanaowachukulia vijana kitu, wakasema ni kwa faida yao, wakakifungia juu wasikofika, kisha wao wenyewe wakakitumia usiku. Wewe umesoma vitabu viwili vizima vya hadithi hiyo ukiwa umejifungia bafuni. Sikuambii hivi kukuumiza. Nakuambia kwa sababu binti yako, akiwa na miaka 13 na vitabu kimoja na nusu kichwani, hili halitampita.

Na mambo haya si mageni kwetu. Mwaka 1951 Shaaban Robert alimsimamisha Karama mahakamani katika Kusadikika, nchi inayoelea angani, kwa kosa la kufundisha sheria. Utetezi wake ni visa vya wajumbe waliotumwa nje wakatafute maarifa, wakarudi nayo, wakafungwa kwa kuyaleta. Hakina mitambo wala roboti, lakini binti yako akikisoma atawatambua watawala wale mara moja.

Sasa madhara. Hapa sitaki nikupuuze, kwa sababu ulichoogopa ni kitu cha kuogopa, na wazazi wengi wamekiogopa kabla yako. The Hunger Games, kilichotoka mwaka 2008 na kufungua mlango kwa wimbi zima la riwaya hizi, kiliingia katika orodha ya vitabu 10 vilivyolalamikiwa zaidi inayotolewa na chama cha maktaba cha Marekani, mwaka 2010, 2011 na tena 2013. Watoto wanauana mle, hilo ni kweli. Mwandishi wake, Suzanne Collins, amesimulia kwamba wazo lilimjia usiku akibadilisha chaneli za televisheni, huku vijana wakishindana kwenye kipindi cha burudani, huku vijana wakipigana vita Iraq, hadi picha za pande mbili zikaanza kumchanganyikia. Kama televisheni au simu ipo nyumbani kwako, binti yako ameshazipita picha za aina zote mbili, na pengine hakuna aliyesimama naye kumuuliza ameona nini.

Kipimo ninachokitumia mimi si idadi ya maiti. Naangalia mtu akifa kitabu kinafanya nini. Kinasimama? Aliyekufa ana jina, ana mtu wa kumlilia? Aliyeua analala usingizi baada ya hapo? Kuna vitabu ambavyo watu wanaanguka kama nzi na hadithi inasonga mbele bila kugeuka nyuma. Hivyo ndivyo vinanipa wasiwasi, hata kama havina tone moja la damu. Sasa wewe nikuulize. Yule mvulana aliyeuachia mkono pale ukingoni, wakati ule ulimwona kwenye ukurasa mmoja tu. Leo umemsoma kabla ya jengo na baada ya jengo. Unamwonaje? Katika barua yako yote umenieleza ulivyokesha, ulivyojificha, ulivyonaswa, lakini hukuandika hata mstari mmoja kusema umeona vitabu hivi ni vibaya. Mkaguzi aliyekagua mali wiki tatu akakosa la kuripoti ameshatoa ripoti yake.

Hata hivyo usimwachie tu ukaondoka. Mfululizo wa namna hii huwa mzito kadiri unavyokwenda. Cha kwanza mara nyingi ni mtego: uwanja, mtihani, mji uliofungwa, na kiu ya kutaka kujua nani atatoka. Cha mwisho huwa ni vita vyenyewe. Wale tuliowapenda tangu mwanzo hufa ghafla, katikati ya aya, bila hotuba, na anayepona hurudi nyumbani na ndoto mbaya. Sisi tuliokulia kwenye sinema tunajua kwamba steringi hafi. Waandishi hawa hawakuapa kiapo hicho. (Naujua mfululizo mmoja maarufu ambao wasomaji walikirusha ukutani kitabu cha tatu kwa sababu hiyo hiyo, na hutanisikia nikiutaja.) Kwa hiyo kuwa karibu. Akilala taa ikiwaka siku mbili tatu, akiogopa mambo ambayo hakuwa akiyaogopa, au akisema mwenyewe anataka kupumzika, kifungeni kitabu na mzungumze. Akilia kwa sababu mhusika wake amekufa, mwache alie. Hayo ni machozi ya kawaida, nawe nadhani umeyamwaga kule bafuni, ingawa hukuniandikia.

Kuhusu aibu ya umri sitapoteza muda. Kampuni ya utafiti wa soko la vitabu iitwayo Bowker ilichunguza nchini Marekani mwaka 2012 nani hasa hununua vitabu vya vijana wa miaka 12 hadi 17. Asilimia 55 ya wanunuzi walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea, na wengi wao walisema wananunua wasome wenyewe. Wenzako ni wengi. Wao tu hawakujifungia bafuni.

Nataka nikueleze ulivyonaswa, kwa sababu ukijua mtego ulivyosukwa utaweza hata kulala. Ule wa kwanza ni wa zamani sana, aliutumia Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela kuokoa shingo yake: kunakucha, hadithi inakatwa penye utamu, na mfalme anashindwa kumuua kwa kuwa anataka kujua kilichofuata. Wewe ni mfalme yule, baba. Waandishi wa riwaya hizi hukata sura pale pale ambapo swali limeulizwa na jibu liko upande wa pili wa karatasi, kisha hukata kitabu kizima kwa mtindo huo huo.

Wa pili ni mjanja zaidi, nami naupenda kuliko wa kwanza. Katika nyingi ya riwaya hizi msimulizi ni "mimi," na mambo yanatokea sasa hivi. Sikiliza tofauti. Mzee akikuambia, "Nilimkimbia simba," simba awe mkubwa kiasi gani, mzee huyu hapa mbele yako anakusimulia, ina maana alipona. Ile -li- ni dhamana. Sasa mpe -na- badala yake: "Nakimbia. Nasikia pumzi zake nyuma yangu. Mti uko mbali." Dhamana imeondoka. Hujui kama msimulizi ataifikia sentensi inayofuata, na yeye hajui. Herufi mbili tu zimebadilika, na wewe umekaa ukingoni mwa bafu saa nane usiku.

Dawa yake ni hii: usiache kusoma mwisho wa sura. Hapo ndipo penye ndoano. Endelea kurasa mbili tatu za sura inayofuata, hadi swali lile lipate jibu na wahusika wakae chini wapumue kidogo, kisha funga katikati, hata katikati ya ukurasa. Utaona mkono unakubali. Mfundishe na binti yako, maana siku si nyingi atakuwa anakesha na cha tatu na una haki ya kumwambia azime taa.

Kile kitabu cha mambo ya kabla, kiache kwanza. Wengi hudhani kwa kuwa kinasimulia ya zamani ndicho cha kuanzia. Mtindo huu upo sana: Collins alikamilisha vitabu vyake vitatu mwaka 2010, akarudi mwaka 2020 na kisa kilichotokea miaka 64 kabla ya kile cha kwanza. Lakini mwandishi anayerudi nyuma huandika akijua kwamba umeshayajua ya mbele. Anakuonyesha kijana fulani mwenye haiba na utamu wake wote ni kwamba wewe unajua atakuwa nani uzeeni. Ukianza na hicho unajinyima mwenyewe. Fuata mpangilio wa kutoka kwa vitabu, ndio nitakaomshauri mtu yeyote. Umesubiri wapi kitu chema kikaharibika?

Twende kwenye kuvirudisha. Fanya leo, kwa sababu zamu ya maktaba haikusubiri. Usivirudishe kimya kimya mezani ulipovitoa kana kwamba vilijirudia vyenyewe. Huo ni uoga, na ataujua. Usimtume mama yake. Viteremshe vyote viwili, nenda alipo, keti, mpe mkononi. Maneno yasizidi machache. Mwambie: "Nilikwambia navipitia. Nilivimaliza wiki iliyopita, vyote viwili, nikashindwa kukwambia kwa sababu nilivipenda. Nisamehe kwa kukuweka." Basi. Usiombe radhi kwa kuwa ulijali alichokuwa akisoma, kwa sababu huko hukukosea, na siku nyingine utajali tena. Kosa lilikuwa kutotimiza neno. Kisha mwambie lililokushtua, ule ukurasa wa ukingoni, na umuulize yeye aliuonaje. Swali moja. Usiligeuze kuwa mtihani wa ufahamu, na kwa vyovyote vile usimuulize "umejifunza nini." Akitaka kusema atasema. Watoto husema mambo makubwa kuhusu nafsi zao wakidhani wanamzungumzia mhusika wa kitabu, ukinyamaza ukawaacha wamalize.

Kikaratasi nacho kiri. Usikisie tena. Mpe kitabu na kikaratasi mbalimbali, aweke mwenyewe. Atafungua, atapapasa kurasa, atapapata kwa sekunde tano, na utaona jinsi ulivyokuwa umekosea kwa sura nzima.

Halafu linakuja zoezi gumu kuliko yote, nalo ni mdomo wako. Umemtangulia kwa nusu kitabu. Unajua nani ni msaliti. Unajua ile sentensi ya mwisho. Akija akakuambia, "Baba, yule mganga namwamini," wewe sema "Aa," ukanywe maji. Usimwage mtama. Umeshamla wiki tatu, usimle na mshtuko wake pia. Msomaji hupata mshtuko ule mara moja tu maishani kwa kila kitabu.

Na cha tatu? Hapo samahani, baba, sina njia ya mkato. Zamu ni yake, jina lililoandikwa maktaba ni lake. Mwambie aende akakiazime, na anaanza yeye. Akikimaliza na siku za kuazima zikiwa bado zipo, muombe kwa adabu, kama unavyoomba kwa mtu mzima. Anaweza kukuwekea masharti, kwa mfano usome sebuleni mlango ukiwa wazi. Yakubali.

Usiku huo wa kwanza utapita koridoni, utaona mstari wa mwanga chini ya mlango wake na utasikia kurasa zikigeuzwa, haraka haraka, halafu kimya kirefu, halafu haraka tena. Utajua kabisa kwamba amefika mahali. Usibishe hodi kuuliza ni wapi.

Shangazi